Doa Jeupe Msituni Runzewe

Mnicheke taratibu. Juzi mimi, bwana misitu wa Runzewe, nilipandishwa ndege ndogo kujaribu kamera mpya inayoona joto. Moto hata ukijificha chini ya miti, kwenye kioo chake unatokea kama doa jeupe.

Doa likatokea ukingoni mwa msitu. Nikapiga kelele hadi rubani akashtuka. Tulipotua, balozi wa nyumba kumi akakusanya watu wenye ndoo na matawi mabichi. Nikatangulia mbele, nikiapa kwamba aliyewasha atalala ndani, huku mkuu wangu kutoka Shinyanga akihema nyuma. Njia ilizidi kufanana na ya kwenda kwangu. Nikafurahi, maana hatutapotea.

Tukafika kwenye tanuri la matofali linalofuka moshi. Nikarudi nyuma ya wenye ndoo.

“Mwenye tanuri ni nani?” mkuu akauliza.

Watu wakatazama chini, mabega yakitikisika kwa vicheko. Mke wangu akatokea nyuma ya tanuri, akampigia mkuu magoti.

“Shikamoo baba.” Kisha akanigeukia, anang’aa kwa furaha. “Baba Kulwa, nimewasha kama ulivyoagiza. Yale magogo ya mninga uliyotoa msituni yanawaka vizuri kweli.”