Rangi ya Kijani Imenipa Heshima Ofisini

Watu wa Tunduma, leo nimemshinda bosi bila kufungua mdomo!

Asubuhi nilikuwa naongeza taarifa za mashine kwenye miongozo yetu ya ufundi iliyo kwenye kompyuta: jina, modeli, toleo. Mwishoni nikaweka na rangi.

Bosi akacheka. "Rangi? Hii ni ofisi ya mashine au duka la vitenge?"

Nikaendelea kujaza rangi. (Moyoni nilimjibu.)

Mchana akapiga simu mama mmoja, mkulima wa Igamba.

"Mwanangu, mashine ya kumenya kahawa imegoma! Kahawa yote ya leo itachacha!"

"Modeli gani, mama?"

"Ile ya kijani."

Nikatafuta "kijani" kwenye kompyuta. Ukaja mwongozo mmoja tu! Nikamwelekeza namna ya kukaza mkanda, mara nikasikia mashine inanguruma, na vigelegele juu.

Sasa hivi bosi, aliyesikia yote, yuko stoo na daftari, anaandika rangi za mashine.

Nimpelekee soda, au nimwache kwanza?