Pointi za Daktari Ngigi

Daktari Katoo wa Kitengela alikuwa na dharau ya kutosha watu wote, wala hakuibania. Aliwadharau wateja waliomletea kuku mfu ndipo wakaulizia dawa. Aliwadharau matajiri wapya waliovisha vijibwa vyao sweta. Lakini kilichomchefua kuliko vyote ni semina za chama chao cha madaktari wa mifugo. Kila mwaka sharti daktari akusanye pointi za kujiendeleza, na pointi hazipatikani kwa kuzalisha ng'ombe usiku wa mvua. Hupatikana kwa kumsikiliza mtu aliyekanyaga samadi mara ya mwisho alipokuwa chuoni.

"Mtu mzima na mvi zake," alizoea kusema, "anafundishwa kunawa mikono."

Semina ya Alhamisi ile, ya mtandaoni, ndiyo iliyokuwa ya mwisho mwaka huo, na pointi za Katoo hazijatimia. Akiikosa, leseni yake haitahuishwa, na bila leseni duka lake la dawa za mifugo litafungwa. Basi akameza chuki yake, akaegemeza simu mbili kwenye gunia la chakula cha ng'ombe. Simu moja ilikuwa na jina lake. Ya pili ilikuwa na jina la Daktari Ngigi.

Hiyo ilikuwa desturi yao ya miaka. Ngigi, Mkikuyu wa Embulbul, alijipeleka mwenyewe kwenye joto la Magadi kutibu mifugo, mpaka akajua matusi yote ya Kimaasai. Katoo, mzaliwa wa huko huko, alikimbilia Kitengela kwenye kuku wa gredi. Ngigi akiwa bomani hapati mtandao, kwa hiyo Katoo alihudhuria semina zake zote kwa niaba yake, naye Ngigi akamchanjia mama yake Katoo mbuzi. Mapema wiki hiyo Ngigi alikuwa amepiga simu, akamsalimu kwa Kimaasai.

"Sopa, daktari wa kuku."

"Epa. Alhamisi kuna semina. Nikuingize?"

"Niingize. Wanafundisha nini?"

"Maadili."

Ngigi alicheka hadi akakohoa. "Basi ukae vizuri huko ndani. Mimi niko na mbuzi za mamako za kuchanja. Nikimaliza nitakupigia."

Hakupiga, na Katoo hakushangaa, maana Ngigi na kutimiza ahadi ya simu walikuwa mbingu na ardhi.

Mwenyekiti, Phylis, mama mwenye sauti ya kuongoza maombi, alifungua semina na papo hapo akafunga mlango. Kwao, aliyechelewa au aliyetoka hakuruhusiwa kuingia tena. Katoo aliguna. Kisha Phylis akawaomba wanyamaze kidogo.

"Daktari Ngigi wa Magadi alianguka na pikipiki jana jioni akitoka kuchanja mbuzi. Ameaga leo asubuhi."

Katoo hakuelewa. Alitazama simu ya pili, ambapo jina la Ngigi lilikuwa limekaa kitako katikati ya majina ya wenzake.

"Chair, samahani," alisema Linda, daktari kijana wa Rongai. "Daktari Ngigi ako hapa. Namuona."

Mkono wa Katoo uliruka. Simu zilikuwa za aina moja, naye hakutazama jina. Alibonyeza kutoka, na aliyetoka akawa yeye mwenyewe. Alijaribu kurudi, akajibiwa kwamba semina imefungwa. Leseni imekwenda, duka limekwenda, na katika semina ya maadili amebaki maiti.

"Itakuwa ni mama watoto ameshika simu," Phylis alisema taratibu. "Asitolewe. Mama, pole sana. Tuko pamoja na wewe."

Pole zikaanza kumiminika kwenye kioo. Mungu akutie nguvu, mama. Alikuwa daktari wa kweli, mama. Hata Omolo, ambaye Katoo alimwita mbumbumbu mbele ya wanachama wote, aliandika kwamba Ngigi aliwahi kulala naye zizini siku mbili akimsaidia kuokoa ndama. Katoo alisoma zote. Watu hao aliokuwa akiwadharau walikuwa wakimfariji, bila kujua ni nani.

Angeweza kuitoa na hiyo simu ya pili, maana hakuwa na la kupoteza tena. Alinyoosha kidole, kikakataa. Kumtoa Ngigi hapo kulimshinda. Akaketi juu ya gunia, akayasikiliza maadili tangu mwanzo hadi mwisho kwa mara ya kwanza maishani. Mteja aliyekuja kutaka dawa ya minyoo alimkuta daktari analia, akaondoka bila dawa.

Kesho yake chama kilitangaza waliotimiza masharti. Ngigi alikuwemo, pointi zake kamili. Katoo hakuwemo.

Jioni Evalyne, mjane wa Ngigi, alimpigia simu kutoka Embulbul.

"Watu wa chama wananishukuru eti nilikaa kwa semina mpaka ikaisha. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na semina yako?"

"Nilijitoa. Nilitaka kumtoa yeye, nikajitoa mimi."

Evalyne akapenga kamasi.

"Mjinga wewe, Katoo," alisema, na hiyo ndiyo pole pekee aliyopewa kwa jina lake.