Kidonge cha Mwezi wa Ramadhani

Mara ya kwanza umati ulipompiga kaka yangu, alikuwa amebeba mali yake mwenyewe. Mvua ilianza kunyesha sokoni Nakivubo, naye akakimbia na jora la kitambaa begani lisije likaloa. Mtu akapiga kelele kwamba mwizi anakimbia. Walimvunja taya kwa tofali na vidole kwa visigino vya viatu. Mifupa ilipona. Yeye hakupona. Aliacha kula, akaacha kuoga, akakaa chumbani kwetu Mengo akitazama ukuta. Siku moja alimwambia mama, bila kugeuka, "Wangenimaliza tu."

Daktari alimwandikia dawa ya sonona, kidonge kimoja kila asubuhi baada ya chai. Nilikuwapo, nikasikiliza kwa makini kama ninavyosikiliza bei ya jumla. Alisema wiki za mwanzo tusitegemee nafuu, na mawazo ya kufa yakizidi turudi mara moja. Asichanganye na dawa nyingine bila kuuliza. Na akijisikia vizuri asiache ghafla, kwa sababu dawa hii hupunguzwa polepole, daktari akijua. Kaka aliitikia kwa kichwa.

Nafuu ilikuja. Alirudi kwenye duka letu la vitambaa, akaanza tena kunitania kwamba napima kitambaa kama nimefumba macho. Kisha mwezi ukaandama, na asubuhi ya kwanza ya Ramadhani akakisukuma kile kidonge kando.

"Nimefunga."

"Mgonjwa ana ruhusa, kaka."

"Mgonjwa nani? Unaniona nimelala kitandani?"

Shangazi yetu, aliyekuwa akiishi nasi, akamuunga mkono. "Mwacheni. Mfungo wenyewe ni dawa. Tumbo linapumzika, na akili nayo."

Katika ukoo wetu mwanamume anayekula mchana wa Ramadhani hujificha jikoni kama paka, na kaka hakutaka kuwa paka. Hakuna aliyefikiria kuuliza kama kidonge kingeweza kuhamia usiku. Tuliona njia mbili tu, kufunga au kumeza, na akafunga.

Haikupita wiki akaanza kusema kwamba akigeuza kichwa anasikia umeme ukipita ndani ya fuvu. Alipata kizunguzungu, akaota matofali, na mlio wa mkasi wangu ulimfanya akunje ngumi.

Mchana mmoja mteja alishika kitambaa cheupe, akacheka. "Mzee, bei iko chini hivi, hii kitu uliiba wapi?"

Ulikuwa utani wa sokoni. Kaka alichukua fimbo ya chuma ya kupimia, akampiga nayo usoni. Damu ikarukia jora zima. Mteja akatoka nje amefunika pua, damu ikipita kati ya vidole, na hiyo ikatosha. "Mubbi," nikasikia, mwizi kwa Kiganda, kutoka kwa watu ambao hawakuwa wameona chochote.

Walimburuta hadi barabarani. Nikalala juu yake. Jiwe lilinipata begani, teke likaingia mbavuni, na chini yangu nilisikia taya lile lile likigonga lami. Kijana mmoja aliinama, akaniambia kwa sauti ya upole, "Nyabo, dada yangu, toka hapo. Tairi na petroli zinakuja, tutamaliza haraka." Maumivu nimeyasahau. Upole ule sijausahau.

Jirani yetu muuza viatu, Mkenya mnene anayeimba kwaya, aliupasua umati akichapa vichwa kushoto na kulia kwa buti jipya. "Huyu ni jirani yangu. Nyinyi mko na wazimu?" Alitukokota hadi ndani ya stoo yake, akashusha mlango wa chuma. Mawe yaliupiga mlango ule mpaka polisi walipofika na kufyatua risasi hewani.

Gizani mle kaka aliniuliza, midomo imejaa damu, "Vidonge nilivyoruka, nikivimeza vyote sasa, nitatulia?"

"Usimeze kitu. Tunakwenda kwa daktari."

Hospitalini alishonwa nyusi kwanza. Kisha daktari wake akauliza ameacha tangu lini, akasema asijaribu kufidia alivyoruka. Angeanza tena kwa kipimo atakachoelekezwa, na tumrudishe akaangaliwe.

"Kwa nini hamkuniuliza? Hiki kinaweza kumezwa baada ya kufuturu."

Shangazi alikuwa ameketi nasi. Njia nzima ya kurudi Mengo yeye ndiye aliyebeba vidonge.

Adhana ilipolia kaka hakuweza kutafuna tende. Shangazi aliiponda ndani ya uji, akamlisha kijiko kwa kijiko, kisha akamnyooshea kidonge kwenye kiganja chake.

"Meza, mwanangu, nikikuona."

Akameza. Nje mtu alipita mbio, na nyuma yake wengine, wakipiga kelele. Kaka alishika mkono wa shangazi wenye kijiko, akaushikilia mpaka nyayo zikapotea.

"Ongeza uji," akasema.