Barua Niliyoandika kwa Niaba ya Jirani

Nilikuwa mwalimu wa kike, bado kijana, katika shule moja karibu na mji wa Wote. Akina mama wa kanisa letu walinichagua kuwa katibu wa kikundi chao kwa kuwa nilijua kupiga taipu. Walitaka tangi la maji. Walikuwa wameomba mara mbili kwa wafadhili fulani wa Nairobi, na mara zote wakaletewa barua fupi ya pole.

Nilisoma nakala za maombi yale. Idadi ya wanachama, umbali wa mto, sahihi ya chifu. Nikaona hakuna mtu angeyasoma hadi mwisho.

Sasa, jirani yangu mmoja, mwanachama wa kikundi, alikuwa amenisimulia jambo siku moja tukichambua ndengu uani kwake. Mimba yake ilitoka njiani akirudi kutoka mtoni na mtungi mgongoni. Alikifunga kile kichanga kwenye leso, akakizika peke yake, kisha akabeba maji mpaka nyumbani. Mumewe tu ndiye aliyejua.

Niliandika ombi lote kwa Kiingereza kama barua yake. Maneno yalinijia yenyewe. Nilipomaliza niliisoma mara tatu, nikajiona hodari kweli. Sikumwuliza. Sikutaja jina lake, basi nikajiambia hakuna atakayejua.

Tangi lilijengwa. Siku ya kulifungua, mgeni kutoka Nairobi alisema barua yetu iliwatoa machozi ofisini. Akaitoa mfukoni, akaisoma, huku mzee wa kanisa akitafsiri kwa Kikamba. Ningeweza kusimama nikamkatiza. Nilibaki nimeketi.

Alipofika kwenye leso, jirani yangu alikuwa ameinamisha kichwa mpaka magotini. Wanawake wakaanza kumtazama. Mama mkwe wake, aliyeketi kando yake, akamgeukia.

"Ni wewe?" akauliza. "Ulizika mtoto wetu usituambie?"

Jirani yangu aliinuka akaenda zake. Mgeni alidhani amezidiwa na furaha, akaomba watu wapige makofi.

Jioni nilimfuata kwake. "Nilitaka tupate maji," nikamwambia.

"Maji tumepata," akasema. "Lakini Mwalimu, nilikuambia wewe."

Nikasema samahani. Akaitikia kwa kichwa, akaniuliza kama nimekunywa chai, kwa adabu kama anayeongea na mgeni. Nikadanganya kwamba nimekunywa.

Vikundi vingine vilikuja kuniomba niwaandikie barua kama ile, hata kutoka upande wa mji wa Salama. Nilisema nina kazi nyingi.

Mwaka uliofuata nilihamishiwa Kitui. Lori lililobeba vitu vyangu lilipita mbele ya shamba lake. Alikuwa akipalilia, mgongo umeinama. Dereva alipunguza mwendo, akauliza kama kuna mtu ninayetaka kumuaga.

"Hapana," nikasema. "Twende."