Nyota ya Kaniki na Marekani

Mzee wa umri wa babu yangu alivua katambuga zake mlangoni pangu, akaingia ameinama, kuku mweupe kwapani, akaniambia mimi niliyekuwa nimekaa mkekani nanyonyesha, "Shikamoo."

Nikasema, "Marahaba." Mtu aliyefundishwa adabu huitikia salamu, hata ikija kinyumenyume.

"Mzee wangu, nani amekuleta hapa?"

"Nilipotea njia, mama. Nikauliza pale kanisani. Katekista mwenyewe akanionyesha kwa kidole: ile nyumba ya mfumu, yenye nyota."

Hapo ndipo nilipochoka. Mfumu kwetu Usukumani ni mganga, yule wa kupiga ramli na kuzungumza na mizimu. Na katekista huyo huyo alikuwa amekataa kumwandika binti yangu ubatizo, kwa sababu mama yake, alisema, ameweka madhabahu ya mizimu ukutani. Mtoto wangu anamfukuza, wagonjwa ananiletea.

Niseme basi hayo madhabahu ni kitu gani.

Niliolewa nikiwa nimemaliza darasa la kumi, jambo ambalo ukoo wa mume wangu ulilitaja mbele ya wageni kama mtu anavyotaja ng'ombe mwenye pembe moja. Mume wangu ni karani kwenye mgodi wa dhahabu upande wa Geita. Huja na kurudi, zaidi hurudi. Nikabaki na mama yake, na mtoto, na nyumba ya udongo yenye ufa ukutani, mpana wa kupitisha mjusi aliyeshiba. Shuleni kwa masista tulifundishwa kushona nyota. Unakata vipande vinane vya umbo la almasi kwa kufuata kipimo cha karatasi ngumu, unaviunganisha mpaka ncha zote zikutane katikati, unaweka pamba chini yake na kitambaa kingine nyuma, kisha unapitisha uzi tabaka zote tatu. Wazungu huko kwao hutundika kitu hicho ukutani. Mimi nikaona nimepata cha kufunika ufa.

Vitambaa nilikuwa navyo kwenye sanduku la bati, vipande nilivyokuwa nikivitunza tangu shule. Kulikuwa na kaniki ya mama mkwe iliyochakaa katikati, pindo zake bado nzima. Kulikuwa na marekani iliyobaki tuliposhona mashuka. Na vyekundu, vya kitambaa kinachoitwa bendera, alinipa fundi wa barazani kwa Mhindi, masalio ya mapambo aliyoshona siku Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, alipotembelewa na wakubwa wake. Nyeusi, nyeupe, nyekundu. Ningekuwa na bluu ningeweka bluu. Pamba ilikuwa ya shambani kwetu, nikaitoa mbegu kwa vidole mtoto akiwa amelala. Mara ya kwanza nyota ilinifanyia jipu katikati, maana kitambaa kilichokatwa mshazari hutanuka ukikivuta. Nikafumua yote. Mara ya pili ikalala vizuri, ukubwa wa ungo mdogo, nami nikajisifu peke yangu kwa sababu hapakuwa na mwingine wa kunisifu.

Mama mkwe alikuja asubuhi kuleta maziwa. Akasimama mlangoni, akaitazama nyota, akanitazama mimi, akakiweka kibuyu chini polepole.

"Nani alikuambia uchanganye rangi hizo?"

"Hakuna, mama. Ndizo zilizokuwepo."

"Ehe," akasema. "Hivyo hivyo ndivyo mizimu inavyokuja."

Kumbe rangi hizo tatu ndizo za wafumu. Mimi nililelewa bweni, nyumbani nilikuwa mtu wa likizo. Somo hilo lilinipita.

Wa kwanza kuja alikuwa mama mmoja kutoka Didia, na mtoto anaharisha. Nikamwambia mimi si mganga, ampeleke zahanati sasa hivi, na maji ya kunywa ayachemshe. Mtoto akapona. Unadhani sifa ilimwendea dresa, yule mtibabu wa zahanati? Yule mama alitangaza gulioni kwamba mfumu mpya ana mizimu yenye nguvu mpaka inafanya kazi ndani ya zahanati ya serikali. Wa pili alipotelewa na ndama. Nikamwambia, kwa hasira tu, akamtafute kwa jirani yake. Ndama alikuwa huko.

Ikawa kila nikikataa ndivyo wanavyozidi kuamini. Mama mkwe aliwapokea uani, nami nikimsikia dirishani.

"Anakataa?" mgeni anauliza.

"Anakataa kabisa."

"Basi ndiye. Wa uongo hawakatai."

"Na anatukana kidogo."

"Bora zaidi."

Nikamwambia, "Mama, unanitia aibu. Mimi ni Mkristo."

Akanijibu kwa upole, "Na wao wengi ni Wakristo, mwanangu. Wala hawabagui." Kuku walikuwa wakifikia mikononi mwake. Mwaka ule tulikula kuku kama wachimbaji waliookota dhahabu. Na mimi nilikula, kwa hasira.

Ndipo katekista akaja kukagua. Mtu wa soksi na viatu vya kamba, anatembea kama aliyebeba yai kichwani. Alipofika mlangoni aliinama, akafungua kamba, akavua.

"Mwalimu, mbona unavua viatu?"

"Kuna matope."

Ilikuwa Agosti. Mvua ya mwisho hata mbuzi walikuwa wameisahau.

"Mama, kitu hiki kiondoke."

"Ni nyota, Mwalimu. Noeli mnatundika ya karatasi juu ya pango."

"Ile ni nyeupe tupu."

"Kwa hiyo dhambi ni rangi?"

Akafikiri. "Hukupata bluu? Ya Bikira Maria?"

"Nimetumia nilichokuwa nacho."

"Basi ondoa. Ukiondoa, nitamwandika mtoto." Aliyasema hayo amesimama upande upande, asiitazame nyota wala asiipe kisogo.

Ningeweza kuiondoa. Mume wangu alituma salamu kutoka Geita kwamba niitoe tu, yaishe. Kwake yeye yangeisha. Lakini nikiitoa, nimekiri. Kesho yake watasema mfumu ametubu, na binti yangu ataitwa mtoto wa mfumu aliyetubu mpaka azeeke. Nilitaka abatizwe kama mtoto wa mtu aliyeshona kitambaa.

Basi yule mzee wa kuku mweupe, aliyekuja kuuliza kwa nini haoni vizuri, nilimwambia macho yake yana ugonjwa, aende kwa dresa. Akanishukuru sana, akamwacha kuku. Nikamlaza mtoto, nikachukua karatasi.

Shitaka la kwanza lilikuwa la mama mkwe, kwenye baraza la mtemi. Nikalichana, kwa sababu ni yeye ambaye angebaki na mtoto wakati mimi nakwenda kumshitaki. La pili lilikuwa la mume wangu, kwa kosa la kuwa Geita. Hilo sikujua ofisi inayolipokea. La tatu ndilo nililolipeleka misheni kwa miguu, nikampa Padre mkuu mkononi, nikakataa kiti mpaka alisome. Liliandikwa hivi:

"Mheshimiwa Padre. Namshitaki katekista wa kigango chetu kwa mambo mawili. Kwanza, amemnyima mtoto wangu ubatizo kwa sababu ya kitambaa cha kufunika ufa. Pili, watu anaowakataza wasije kwangu ndio hao hao anaowaonyesha njia. Achague moja.

"Kitambaa kina vipande vya kaniki, marekani na bendera, pamba ya shambani, na uzi wa dukani. Kama kuna anayedhani kina kingine ndani, kifumuliwe mbele yako, mradi atakayekifumua akishone tena kama kilivyokuwa. Ushonaji huo nilifundishwa na masista, nikapewa alama za juu. Ikiwa ni ushirikina, naomba somo lifutwe shuleni kwanza, halafu ndipo mje kwangu.

"Siombi aadhibiwe. Naomba amwandike mtoto kwa mkono wake mwenyewe, abatizwe pamoja na wenzake. Siku hiyo kitambaa kitakuwa ukutani.

"Ni mimi, mama wa mtoto ambaye hajaandikwa."