Mama Mkwe kwenye Ncha ya Mti

Jumamosi, Aprili 1976. Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakoma alasiri, ikauacha mtaa wetu wa Mpumudde wote kama uji.

Lori lililomleta mama mkwe wangu kutoka Mbale lilizama mbele ya nyumba yetu. Dereva, Mkenya, aliweka jeki. Jeki nayo ikazama. Alikuwa amebeba magunia ya vitunguu, na kila jioni askari walipita njia ile. Kwao, lori lililokwama lilikuwa duka lisilo na mwenyewe.

"Bwana, giza likinikuta hapa, kesho narudi Kenya kwa miguu."

Mimi niliishia darasa la sita. Mwalimu alitufundisha kwamba gongo refu na jiwe huinua chochote. Habari ya matope hakuitaja. Tukapenyeza mti wa mkaratusi chini ya ekseli, tukauegemeza juu ya jiwe, tukaning'inia kwenye ncha ya pili: mimi, dereva, na jirani yetu fundi cherehani, ambaye ni mzito kama cherehani yake, bila meza. Lori halikushtuka. Nikasogeza jiwe karibu na gurudumu. Sijui kama ilikuwa akili au nilitaka tu kuonekana nafanya kitu. Safari hii likainuka kidogo, likaketi tena.

"Tumepungukiwa uzito," dereva akasema, na sote tukatazama mbele ya lori.

Mama mkwe alikuwa bado ameketi humo, kajifunika kitenge usoni kwa ajili yangu. Kwetu mkwe na mama wa mkewe hawaonani, hawagusani, hawakalii mkeka mmoja. Kwa haki niseme alikuwa na mwili wa kutosha. Naandika hivyo kwa heshima.

"Kwani mti ni mkeka?" fundi akauliza.

Mke wangu akaenda kumwuliza, akarudi. "Mama anasema atakalia, ila wewe uachie, tena ugeuke."

Basi nikapiga magoti matopeni, mgongo kwake, nikisubiri kusukumia mawe chini ya gurudumu. Nyuma yangu mti ukalia. Lori likapanda, lakini si vya kutosha. Ndipo askari akatokea.

"Wewe! Wengine nafanya kazi, wewe nasali? Panda mti!"

"Afande, yule ni mama mkwe."

Akakitazama kile kitenge. Alikuwa mtu wa kaskazini.

"Hata kwetu iko hivyo," akasema. Akampa fundi bunduki, naye akaishika kama mtoto wa watu aliyejikojolea. Afande mwenyewe akakaa juu ya mti.

Lori likainuka!

"Msiachie!" nikapiga kelele. "Vidole vyangu!"

"Mwambieni avitoe, basi," sauti ikatoka ndani ya kitenge.

Niliingiza mawe, dereva akatia gia, lori likatoka likiturushia matope bila ubaguzi. Afande akachukua bunduki yake na gunia moja la vitunguu. Hakuomba. Lakini lazima niandike pia kwamba alikaa kwanza, ndipo akaiba. Dereva hakulalamika, aliondoka mbio kabla ya giza, akasahau kutuachia hata kitunguu kimoja.

Usiku tulikula viazi vitamu na malewa ya karanga, yale machipukizi ya mianzi, aliyoleta mama mkwe kutoka Mbale, bila kitunguu. Yeye alikula chumbani, mimi barazani. Akamtuma mke wangu aniulize kama vidole vyote vipo. Nikamrudishia sahani tupu, niliyoikomba kwa vidole hivyohivyo, aniongezee.