Imeenea

Bwana shamba wa kijiji cha Abuku huongea polepole, na kabla ya kushika jani la muhogo hupangusa vidole kwenye suruali, kama anayejiandaa kumsalimu mkubwa wake. Neno "imeenea" halimtoki ovyo. Hawah, mkulima, alimpokea na jembe mkononi, tayari kung'oa shamba zima. "Ugonjwa imeenea! Watoto watakula nini?" Bwana shamba akapita mstari kwa mstari akigeuza majani, Hawah akimfuata, mpaka jua likawa la utosi. "Mama, kuenea ni kila pahali. Hapa iko shina tisa tu ya ugonjwa." Hawah akaketi palepale kwenye tuta, akacheka huku machozi yakimtoka. Bwana shamba alikuwa ameshainama kung'oa la kwanza.